Chupa Iliyongoja Siku Kubwa

Mhariri wetu aliponiomba niandike neno juu ya subira, nilimjibu kwamba neno hilo limekwisha kuhubiriwa sana, tena na watu wenye haki ya kulihubiri kuliko mimi. Akacheka, akasema, "Basi, Mwalimu, andika juu ya jambo lolote ulilolikosea." Nikarudi nyumbani, na njia nzima sikuwaza ila chupa moja.

Chupa hiyo ilikuwa ya shampeni, yaani ile divai yenye povu itokayo katika jimbo la Champagne, kaskazini-mashariki ya mji wa Paris. Najua wapo miongoni mwetu wasioonja kileo cha namna yoyote, na wapo ambao nyumba zao zimeumizwa na pombe. Nawaheshimu wote, wala sina nia ya kumfundisha mtu kunywa. Mimi mwenyewe, mbali na divai ya Meza ya Bwana, sikuwa mtu wa mvinyo. Ninalotaka kuliuliza ni swali jingine, na nadhani linamhusu hata yule asiyekunywa ila maji: Ni wakati gani kungoja ni wema, na ni wakati gani kungoja ni choyo kilichovaa kanzu ya wema?

Mwaka 2009 alinijia kijana niliyemfundisha zamani, ambaye alikuwa amesoma katika chuo kikuu cha mji wa Reims, huko huko Champagne. Akaniletea chupa nzito ya kijani, na juu ya karatasi yake pameandikwa 1996. Akasema, "Mwalimu, hii si ya kila siku." Mke wangu alitaka tuifungue jioni ile ile, maana mleta zawadi alikuwapo, na kuku alikuwa jikoni. Mimi nikasema la, hii itangoja siku kubwa. Nikaisimamisha juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia ataiona. Nakiri na hilo pia, kwamba ilinipendeza ionwe.

Siku kubwa zikaja zikapita. Binti yetu alipoolewa mwaka 2012, nilisema wageni ni wengi, chupa moja haitatosha. Tulipotimiza miaka 25 ya ndoa, mwaka 2014, nilisema afadhali tungoje nistaafu. Nilipostaafu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulikuwa umewafanya watu waogope kukusanyika, nikasema tungoje upite. Mwezi wa Machi mwaka 2021 mke wangu akafariki dunia. Chupa ikabaki juu ya kabati.

Mwaka 2023 yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi zake, alikuja kunipa pole kwa kuchelewa. Akaiona chupa, akaitazama kwa muda. Nikamwambia, "Ifungue." Kizibo kilitoka bila sauti yoyote. Divai ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, haina kiputo hata kimoja, na harufu yake ilikuwa kati ya siki na tunda lililolala gizani siku nyingi. Akaonja, akanyamaza, kama vile mwanafunzi anyamazavyo akiona mwalimu amekosea hesabu ubaoni.

Jioni ile alinieleza mambo mengi ya divai hiyo, nami tangu siku ile nimesoma zaidi, kwa tabia ya kazi yangu. Nawaombeni mnivumilie nikieleza kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linafaa kujulikana.

Watu hudhani kwamba umri peke yake huifanya divai kuwa njema, na kwamba aliyenayo hana kazi ila kuketi na kungoja. Sivyo. Shampeni hutengenezwa mara mbili. Kwanza zabibu hukamuliwa na maji yake huchachuka kama divai nyingine. Kisha divai hiyo hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, ikafungwa barabara, ikachachuka tena humo ndani. Hewa itokanayo na uchachu haina pa kutokea, ikabaki ndani ya divai kwa nguvu inayozidi mara mbili upepo wa tairi la gari. Zamani chupa zilipasuka ovyo, hata wafanyakazi wa maghala walivaa vinyago vya chuma usoni. Dom Pérignon, mtawa aliyetunza ghala la nyumba ya watawa ya Hautvillers tangu mwaka 1668 hata alipofariki mwaka 1715, ndiye watu wanayemsifu kwamba aligundua povu hilo. Kumbe yeye alijitahidi kulizuia.

Hamira ikimaliza kula sukari hufa, ikalala chini ya chupa kama mashapo. Hapo ndipo kazi nyingine inapoanza. Mashapo hayo huvunjika polepole, na kitokacho ndani yake huingia katika divai na kuipa harufu ya mkate uliotoka tanurini na ulaini mdomoni. Tena mashapo huivuta hewa kidogo iliyomo, hata divai isichakae upesi. Sheria ya Ufaransa inaagiza kwamba shampeni ya kawaida, ambayo huchanganya divai za miaka mbalimbali, ikae chupani muda usiopungua miezi 15 kabla ya kuuzwa. Ile yenye mwaka wake, ambayo zabibu zake zote ni za mavuno ya mwaka mmoja, ikae muda usiopungua miaka 3. Wenyeji wengi huiacha miaka 6, au 8, au 10.

Wala si kila mwaka unaoandikwa juu ya chupa. Nchi ile ina baridi. Huja jalidi katika majira ya maua, huja mvua ya mawe, huja ukungu wa kuozesha zabibu. Mwaka ukiwa mbaya, mavuno huingia katika mchanganyiko na mwaka wenyewe hautajwi. Kwetu Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na jua halina hila kubwa, kwa hiyo desturi hiyo ya kuutukuza mwaka mmoja ni ngeni kwetu. Mwaka 1996 huko Champagne ulikuwa mwaka wa ajabu, maana zabibu zilikuwa na utamu mwingi na ukali mwingi kwa pamoja, na ukali ndio unaoipa divai maisha marefu. Nisingeweza kuambiwa neno la kuniumiza kuliko hilo.

Baada ya miaka hiyo ya kulala, chupa huinamishwa katika ubao wenye matundu na kugeuzwa kidogo kidogo kila siku, hata mashapo yote yateremke shingoni. Njia hiyo ilianza mwanzoni mwa karne ya 19 katika nyumba ya biashara ya mjane mmoja, Barbe-Nicole Clicquot, aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27. Siku hizi mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kisha shingo ya chupa hugandishwa kwa baridi kali, chupa hufunguliwa, na barafu iliyoshika mashapo huruka nje. Divai inabaki safi, ikatiwa sukari kidogo na kuzibwa kwa kizibo chake cha mwisho.

Tangu hapo maisha yake ni mengine. Wale waliokufa wakailinda hawamo tena, na kizibo huingiza hewa kidogo sana mwaka hata mwaka. Ikitunzwa vizuri, rangi yake hugeuka kuwa ya dhahabu. Ule ukali wa ndimu hupungua, na mahali pake huja harufu ya asali, ya korosho zilizokaangwa, ya uyoga. Viputo navyo hupungua. Wapo wapendao divai ingali changa na yenye povu jingi, na wapo waipendao ikiwa mzee na tulivu. Husemwa kwamba Wafaransa ni wa kundi la kwanza na Waingereza ni wa kundi la pili. Hakuna siku moja ambayo mtu aweza kusema, leo imekamilika. Upo muda wa miaka kadhaa ambao ni mwema, na baada ya muda huo, haurudi.

Na mahali! Divai hizo hulala chini ya ardhi, katika mapango yaliyochimbwa ndani ya mwamba wa chaki, mengine yakiwa yamechimbwa tangu zamani za utawala wa Warumi waliotaka mawe ya kujengea. Humo giza ni la daima, na baridi ni ya nyuzi 10 hadi 12, masika na kiangazi. Mimi niliyeshika chaki miaka 35 nilicheka niliposikia kwamba chaki hutunza divai hivyo, maana mimi ilinipa kikohozi tu. Juu ya kabati langu joto lilifika nyuzi 30 na zaidi, na jua la asubuhi liliingia dirishani likaipiga chupa miaka 14. Sikuwa nikiitunza. Nilikuwa nikiichelewesha tu, na maneno hayo mawili nilikuwa sijayatofautisha hata siku ile.

Sasa nirudi katika swali. Yule kijana, kwa kunifariji, alisema, "Mwalimu, tatizo ni joto tu. Ungeiweka mahali pa baridi ingekuwa nzuri mpaka leo." Nilifikiri jambo hilo siku nyingi, na mwishowe nikaona kwamba sikubaliani naye. Tuseme ningekuwa na pango la chaki chini ya nyumba yangu. Tuseme divai ingetoka mwaka 2023 ikiwa kamili, ya dhahabu, yenye asali. Ningeinywa na nani? Aliyetaka kuinywa alikuwa amelala makaburini miaka miwili. Kwa hiyo kosa halikuwa la joto. Joto lilinifanya nilione kosa, ambalo divai njema ingenificha.

Mtu ataniambia: lakini kungoja ni nusu ya kila jema. Mpanda mwembe hungoja. Mwalimu hungoja mtoto mzito wa kusoma, mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu siku moja anamkuta anasoma gazeti. Ni kweli, na mimi sitaki kuishusha subira. Na hao watu wa Champagne wangoja kuliko sisi. Hebu tuwatazame vizuri basi, tuone wanangojaje.

Mwezi wa Septemba mwaka 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani yaliingia Reims, yakarudishwa nyuma, yakapiga kambi vilimani karibu na mji na kuupiga kwa mizinga. Tarehe 19 ya mwezi huo kanisa kuu la Reims liliwaka moto. Mavuno ya zabibu yalikuwa ya siku hizo hizo. Wanaume walikuwa vitani, basi wanawake, wazee na watoto wakaingia mashambani kuchuma huku makombora yakianguka, na baadhi yao, watoto wakiwamo, waliuawa kati ya mizabibu. Mji uliendelea kupigwa miaka minne. Watu wakahamia chini, katika yale mapango ya divai, wakaishi humo. Walimu wakafungua shule humo: madawati kati ya chupa, taa za mafuta, na watoto wakiimba tarakimu huku ardhi ikitikisika juu yao. Kila nikiisoma habari hiyo nawaza juu ya wale walimu. Sisi tulilalamika kwa ajili ya paa linalovuja.

Na pembeni mwa madarasa hayo ililala divai ya mwaka 1914. Ikaja kuwa mojawapo ya divai zinazosifiwa sana za karne ile, ikaishi miongo mingi. Lakini ilipokuwa tayari, wengi wa wale wanaume ambao zabibu zilikuwa zao hawakuwapo. Ufaransa ilipoteza askari zaidi ya milioni moja na laki tatu katika vita ile. Waliochuma walijua kwamba huenda wasionje. Walichuma, kwa kuwa zabibu zilikuwa zimeiva.

Hapo ndipo naona tofauti. Wale wanawake hawakuuliza kama siku ile inastahili. Waliangalia zabibu. Na mtunza ghala halali usingizi akingoja. Huigeuza chupa, huifungua moja kati ya nyingi na kuonja, hukisia, naye amekwisha kukusudia tangu mwanzo kwamba itatoka na kwenda mezani kwa mtu mwingine. Yeye huingojea divai. Mimi niliifanya divai iningojee mimi. Kila siku kubwa ilipofika nilikuwa nikiiweka katika mizani: Je, siku hii inalingana na chupa? Na kila mara siku ilionekana nyepesi. Lakini siku si kitu kingine ila watu waliomo. Niliposema arusi ya binti yangu ina wageni wengi mno, maana yake halisi ni kwamba niliwatazama wageni wale, jamaa zangu na jirani zangu, nikaona hawatoshi. Na mke wangu jioni ile ya kwanza, na kuku wake jikoni, naye nilimwona hatoshi. Sikusema hivyo, na Mungu anajua sikufikiri hivyo. Ila ndivyo nilivyotenda.

Nisije nikaonekana kuwapamba watu wa Champagne kupita kiasi, niseme na hili. Katika mavuno ya mwaka 2023, wakati wa joto kali, wachumaji kadhaa wa zabibu walikufa huko. Na mwaka 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia watu watatu hatiani kwa biashara ya binadamu, kwa kuwa waliwaweka wachumaji zaidi ya 50, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, katika nyumba zisizofaa hata kwa mifugo. Uzuri wa divai hauwafuti hao. Pengine kitu kinachongojewa miaka 10 kinawafanya watu wasahau siku kilipochumwa.

Sisi watu wa kanisa tukisikia habari ya divai njema twaikumbuka arusi ya Kana, na yule mkuu wa meza aliyeshangaa kwamba divai iliyo njema imewekwa mpaka mwisho. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, na nimeisoma mbele ya madarasa mengi, na kwa miaka yote hiyo jambo moja lilinipita. Mkuu wa meza alikosea. Divai ile haikuwa imewekwa. Asubuhi yake ilikuwa maji kisimani. Haikuwa na umri wa hata saa moja, nayo ilikuwa bora kuliko zote, ikanywewa na watu wa kijiji ambao majina yao hayakuandikwa, katika arusi ambayo hata jina la bwana arusi hatulijui. Wala haikungoja arusi kubwa zaidi.

Silitaji hilo ili kuipinga divai ya zamani. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta katika bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland, chupa 168 za shampeni katika merikebu iliyozama, zikiwa zimelala humo kwa muda wa miaka 170 hivi, katika giza na baridi ya nyuzi 2 hadi 4. Wataalamu wakazipima, na mwaka 2015 wakatoa habari yake. Kwanza walisikia harufu mbaya, kama ya wanyama na nywele zilizolowa. Wakaitikisa divai katika glasi, ikapata hewa, na harufu ikageuka kuwa ya moshi, ya viungo, ya ngozi. Ilikuwa hai bado. Chupa moja iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa euro 30,000. Nawaza juu ya mtu aliyeiagiza chupa ile, katika miaka ya 1840, akatayarisha meza, akangoja merikebu isiyofika. Divai yake ikawa maajabu ya dunia, naye siku ile alikunywa maji. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye hakupenda iwe hivyo.

Uzee nao ni vivyo hivyo, nami nina haki ya kulisema hilo kwa kuwa nimo ndani yake. Sisi wazee twapenda kuambiwa kwamba umri umetufanya kuwa bora. Yamkini. Lakini nimewaona watu waliogeuka asali na waliogeuka siki, na miaka yao ilikuwa sawa. Nilipokuwa shuleni watoto walinilinda, maana mtu hawezi kuchacha ovyo mbele ya macho 45. Nilipostaafu nilitolewa chupani mwa kwanza, nikazibwa upya, na tangu hapo kila kosa langu la zamani linapata hewa.

Mwaka jana yule mwanafunzi wangu alipita tena, akaleta chupa nyingine. Hii haina mwaka, alisema, ni ile ya kawaida, bei yake nafuu. Ilikuwa saa kumi ya alasiri, siku ya Jumanne, hapakuwa na sherehe yoyote. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuwa uani akichambua mchicha, na jirani alikuwa amekuja kuazima jembe. Nikatia maji ndoo, nikaizamisha chupa ipoe kidogo, nikatafuta glasi, nikapata mbili. Wengine wakapewa vikombe vya chai. Kizibo kiliruka hata kuku wakatawanyika. Shemeji alionja, akakunja uso, akasema hii ni ndimu isiyotiwa sukari, afadhali soda. Mtoto akatumwa dukani kumletea soda, na jirani akaimalizia sehemu yake.